Uliza Fundi: Gramafoni ya babu yagonga tumboni

SWALI

Shikamoo Mzee Fundi. Babu mzaa mama alipofariki, wajomba na mashangazi waligawana vitu vyake, na mimi nikapewa kile ambacho hakuna aliyekigombea: gramafoni ya sanduku, ile ya kubeba mkononi, yenye kitambaa cheusi kinachofanana na ngozi, kona za chuma na picha ya mbwa ndani ya kifuniko. Ilikaa juu ya kabati tangu sijazaliwa. Nilizungusha hendeli, sahani ikaanza kuzunguka, nikapiga vigelegele. Lakini kila baada ya muda mfupi kitu kinagonga ndani, "du!", wimbo unayumba, halafu mwendo unapungua hadi mashine inasimama wimbo haujaisha. Sauti nayo inakereza, hasa mwimbaji akipandisha. Mjomba amejitolea kuipiga msasa na kuipaka vanishi. Rafiki yangu ameniletea kopo la dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu. Nina santuri nzito za babu, na nyingine nyepesi nimenunua mwenyewe. Sindano iliyomo ndiyo ileile aliyoiacha marehemu. Nianzie wapi?
Mjukuu wa mwisho

JIBU

Marahaba, mjukuu. Pole kwa msiba, na hongera kwa urithi. Waliogombea makochi watakuja kukuazima hiyo mashine, utaona.

Anzia kwa kuiacha hendeli. Usiizungushe tena, hata kwa kumwonyesha shangazi, mpaka mota ifunguliwe.

Miaka yote ninayofungua mashine hizi, ni nadra chuma kunipa taabu. Gia za shaba na mihimili yake vilitengenezwa na watu waliotarajia vidumu. Kinachokufa ni vitu laini: grisi, mpira, ngozi, sufi. Ukiyapitia matatizo yako yote, utakuta kila moja linatoka kwenye kitu kimoja laini kilichokauka. Ndiyo maana msasa wa mjomba hautaponya lolote, na nitamrudia baadaye.

Tuanze na hiyo "du!". Ndani ya mota kuna kopo la chuma, na ndani ya kopo kuna springi: utepe wa chuma mrefu wa mita kadhaa, upana kama sentimita 2.5, uliojikunja mzunguko juu ya mzunguko. Ukizungusha hendeli unaukaza kuelekea katikati. Ukifunguka, ndio unaosukuma gia na sahani. Mizunguko hiyo inatakiwa iteleze, mmoja juu ya mwenzake, na kiwandani ilipakwa grisi yenye unga wa grafaiti. Grisi ya babu imegeuka gundi. Mizunguko inashikana, nguvu inajikusanya, kisha inaachia kwa mkupuo. Kila mkupuo ni "du!" moja, na kila "du!" inausogeza utepe huo karibu na kukatika. Kusimama kabla ya wimbo kuisha kunatokana na hilohilo: nguvu uliyoijaza inaishia kupambana na grisi, haifiki kwenye sahani.

Kopo la rafiki yako mrudishie, umshukuru. Dawa ile ni nyepesi, kazi yake ni kupenya kutu kwenye nati iliyogoma. Haiwezi kufika katikati ya springi. Itakachofanya ni kuyeyusha uchafu wa nje na kuupeleka kwenye gia, kuloanisha sufi ya sahani, kisha kukauka na kuacha utando. Nimepokea mota zilizopuliziwa hivyo, na kuzisafisha huwa ni kazi zaidi ya kusafisha zile ambazo hazikuguswa na mtu.

Sasa kazi yenyewe. Acha mashine izunguke bila santuri mpaka isimame. Usiamini macho: grisi iliyoganda inaweza kuzuia nguvu iliyobaki ndani. Isukume sahani kwa kidole uendapo, mpaka uhakikishe haijisukumi tena hata kidogo. Hapo ndipo uinue sahani. Nyingine zimekaa kwa kubana tu kwenye mhimili, nyingine zina kipini kidogo cha kuzuia, kwa hiyo chungulia kabla ya kulazimisha. Fungua skrubu za ubao wa juu, mota itatoka nayo. Piga picha kila hatua. Na tumia bisibisi yenye ncha inayojaa kwenye mfereji wa skrubu. Skrubu iliyochubuka kichwa ni saini ya fundi mbaya, na hudumu kuliko jina lake.

Hapa nasema bila kukupamba: kulitoa kopo kwenye mota ni rahisi, kuitoa springi ndani ya kopo si kazi ya mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza peke yake. Hata ikiwa haijajazwa, ndani ya kopo imebanwa, na ikiachiwa inaruka na kupanuka chumba kizima. Kingo zake zinakata vidole. Ukikubali ushauri wangu, lipeleke kopo hilo kwa fundi wa saa za ukutani, yeye springi anazijua. Ukikataa, vaa glavu nene na miwani ya kazi, lifunge kopo kwenye jiliwa au liweke ndani ya ndoo, shika ncha ya katikati kwa koleo, uvute mizunguko mmoja mmoja huku mkono wa pili ukiizuia mingine isifuate. Kabla ya kutoa, chora kwenye karatasi inajikunja kuelekea upande gani. Watu hurudisha kinyume, kisha wanashangaa hendeli haikazi.

Ikishatoka, ioshe kwa mafuta ya taa, uifute mpaka kitambaa kitoke safi. Ipitishe vidoleni, na glavu yako, ukitafuta mpasuko, hasa karibu na tundu za ncha mbili. Ikiwa imekatika kwenye ncha, fundi anaweza kuilainisha kwa moto sehemu hiyo tu na kutoboa tundu jipya. Ikiwa imekatika katikati, usimruhusu mtu akuchomelee. Tafuta nyingine yenye upana, unene na urefu uleule, na yenye ncha za aina ileile. Kisha paka grisi mpya. Wazee walitumia mafuta mazito ya vaselini na grafaiti. Grisi ya kisasa ya beringi inafaa vilevile, ila isiwe nyingi ya kufurika. Gia zipate grisi kidogo, na kila mahali mhimili unapozunguka, tone la mafuta ya cherehani. Tone moja.

Ukiwa hapohapo, itazame gavana ya mwendo. Ni ule mhimili mwembamba wenye vipande vitatu vya uzito vilivyoshikwa na vibati vyembamba vinavyopinda. Ukizunguka kasi, uzito unatanuka, unavuta kisahani kidogo, nacho kinakwenda kujisugua kwenye kipande cha ngozi au sufi. Msuguano huo ndio unaozuia santuri kukimbia. Ngozi ikikauka inakuwa ngumu, na mwendo unapanda na kushuka wenyewe. Idondoshee mafuta ya cherehani, uiache inyonye usiku kucha. Mara nyingi ndiyo dawa yote inayohitaji. Vile vibati usivinyooshe kwa kidole, vinakatika haraka.

Twende kwenye kukereza. Huko ni kwenye kichwa cha sauti, kile kikopo cha duara kinachoshika sindano. Ndani mna kiwambo, kwenye mashine za zamani zaidi ni cha maika, jiwe linalobanduka kwa tabaka nyembamba, na kwenye zile za baadaye ni cha alumini nyembamba iliyopigwa mikunjo. Kiwambo kinashikwa ukingoni na pete mbili za mpira laini, moja mbele na moja nyuma, ili kitetemeke bila kugusa chuma. Mpira wa miaka mingi unakuwa mgumu kama ukucha. Kiwambo kikishikwa na ukucha hakitetemeki, kinabweka. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia mwimbaji anapopandisha.

Kabla ya kukifungua kichwa hicho, kikague mgongo. Vingi vya zama zile vilimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki, na zinki ikiwa na risasi kidogo ndani yake inaugua: inavimba, inapata nyufa ndogondogo, inakuwa kama biskuti. Ukiona nyufa za namna hiyo, au skrubu isiyotaka kuzunguka, acha. Usikaze, usipashe moto, usigonge. Kichwa kizima kinachokereza unaweza kukiponya kesho, kilichovunjika vipande vitatu hukiponyi. Ikiwa chuma chake ni kizima, fungua skrubu kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, toa pete zilizokufa kwa kijiti cha mbao wala si kwa kisu, na weka mirija laini ya mpira mweupe yenye unene sawa. Ikate ili ncha zikutane tu, zisipandane. Kifimbo cha sindano, kile kinachounganisha sindano na kiwambo, kikirudi mahali pake, kisicheze wala kisibanwe, na kiguse kiwambo bila kukisukuma wala kukivuta. Panapokutana fimbo na kiwambo, weka chembe ya nta ya nyuki kuziba. Mwisho gusa ncha ya sindano kwa ukucha, taratibu. Ukisikia mlio mmoja mkavu na safi, umefaulu. Ukisikia kitu kinacheza, fungua tena.

Hapo pia angalia mpira wa nyuma, ule unaounganisha kichwa na mkono wa sauti. Ukiwa mgumu, sauti nene zote zinapotea, na watu wanadhani ndivyo zamani walivyosikiliza.

Sindano ya babu itoe leo hii. Santuri zake nzito si plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na nchi jirani, ukachanganywa na unga wa mawe na masizi. Jiwe lile liliwekwa kwa makusudi. Kichwa cha sauti hukaa juu ya santuri kwa uzito wa gramu 100 na zaidi, na sindano ya chuma inapoingia kwenye mfereji, unga wa mawe unaisaga mpaka ncha yake inachukua umbo la mfereji huo. Kwa dakika tatu za upande mmoja inakaa vizuri. Baada ya hapo ina kingo kali, na mfereji unaofuata ndio unaosagwa. Kwa hiyo: sindano moja, upande mmoja, kisha itupe. Si ubahili wa kufaa huo wa kugeuza na kutumia tena. Makopo ya zamani yaliuzwa yakiwa na sindano 200 kwa sababu hiyo, na mpaka leo sindano mpya zinatengenezwa. Zipo nyembamba za sauti ya chini na nene za sauti ya juu. Kwa chumba cha kawaida anza na za kati, mashine hizi zina kelele kuliko watu wanavyozikumbuka.

Zile santuri nyepesi ulizonunua ni za vinili, za mizunguko 33⅓ kwa dakika, zilizoingia sokoni mwaka 1948. Usiziweke humo, hata moja, hata kwa kujaribu. Mfereji wake ni mwembamba sana, na uzito wa kichwa hicho utaukwangua mara ya kwanza tu. Zinahitaji mashine yake.

Za babu zioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa brashi laini inayofuata mzunguko wa mifereji, lebo ibaki kavu. Suuza, futa, zikauke zikiwa zimesimama. Spiriti isizikaribie kabisa, shelaki huyeyuka ndani ya spiriti. Nazo zihifadhiwe wima, si kwa kulaliana, maana rundo la santuri za shelaki lina uzito wa kuzivunja zile za chini.

Kupima mwendo si lazima uwe na kifaa. Weka kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, ianze kupiga, sindano ikiwa juu yake, kwa sababu uzito wa sindano unaupunguza mwendo, kisha uhesabu. Karatasi ipite mara 39 kwa nusu dakika, yaani 78 kwa dakika. Ukipenda usahihi, kuna karatasi ya duara yenye mistari: 77 kwa taa ya umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, 92 kwa umeme wa 60. Chini ya balbu ya zamani mistari inaonekana imesimama mwendo ukiwa sawa. Taa nyingi za siku hizi hazipepesi, kwa hiyo usidhani mashine ndiyo mbovu. Santuri za miaka ya mwanzo kabisa hazikufuata 78 kwa uaminifu, nyingine zilirekodiwa kwa mwendo wa chini au wa juu ya hapo. Mwimbaji mume akisikika kama mtoto, punguza tu.

Sasa mjomba. Mwamkie kwa heshima, umpe kazi nyingine. Sanduku hilo limevishwa kitambaa, halina mbao ya kupiga msasa, na vanishi juu ya kitambaa kile itapasuka. Futa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, likauke, kisha pitisha rangi ya viatu nyeusi kidogo na ung'arishe. Kona za kromu zing'arishwe kwa dawa ya kromu ya magari. Palipochubuka pabaki pamechubuka. Kama angekuwa na gramafoni ya kabati la mbao, bado ningemzuia: mbao nyingi za wakati ule zilipakwa shelaki ileile, na kuiondoa ni kuondoa uso halisi wa kitu hicho pamoja na nembo yake ya kiwandani, ambayo haibandikwi tena.

Baada ya yote hayo, jaza springi kabla ya kila upande, uache ukihisi inakaza, na ukimaliza kusikiliza, iache mashine izunguke mpaka ijimalize kabla ya kufunga sanduku. Springi hailazwi ikiwa imejaa.

SWALI

Fundi, salaam. Kwenye sanduku la marehemu mama tumekuta santuri moja nyepesi, lebo imeandikwa kwa kalamu: jina la baba na mwaka 1951. Kaka yangu anataka tuiweke kwenye gramafoni ya familia tusikie kuna nini. Ina ukungu mweupe usoni. Tuisafishe kwa nini?
Dada mtu

JIBU

Dada, mzuie kaka yako sasa hivi, hata kama mmekwisha kuitoa kwenye bahasha.

Lebo ya mkono inanitia mashaka makubwa kwamba hiyo haikutoka kiwandani kwa maelfu. Huenda ni santuri iliyokatwa moja kwa moja, mtu akizungumza au akiimba mbele ya mashine. Itazame ukingo na tundu la katikati: ukiona mng'ao wa alumini, ndiyo yenyewe. Mara nyingi pia kuna tundu la ziada karibu na lile la katikati, wakati mwingine limefichwa chini ya lebo, lilikuwa la kuishika isiteleze wakati wa kukata. Juu ya alumini ni utando mwembamba wa rangi laini, na sauti imechongwa humo. Sindano ya chuma ya gramafoni itaulima utando huo. Mtasikia mara moja, vibaya, na hakutakuwa na mara ya pili.

Ukungu mweupe huenda si ukungu wa unyevu. Mafuta yaliyochanganywa kuulainisha utando huo hujitenga kadiri miaka inavyopita na kutokea juu kama unga wenye ute. Wakati huohuo utando unasinyaa, lakini alumini iliyo chini haisinyai, ndiyo maana santuri hizi hupasuka na kubanduka magamba. Ikiwa kuna mpasuko hata mmoja, maji yataingia chini yake na kubandua. Msiisafishe. Isimamisheni wima kwenye bahasha ya karatasi, mahali pa baridi na pakavu, msiizungushie plastiki. Chache za miaka ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa na kiini cha kioo badala ya alumini, kwa hiyo msiipinde "kujaribu".

Kisha ipelekeni kwenye hifadhi ya nyaraka za sauti, au kwa mtaalamu wa kuhamisha rekodi za kale kwenye kompyuta. Yeye ana sindano pana ya mifereji hiyo lakini inayokaa kwa uzito wa gramu chache tu. Mwombeni airekodi kuanzia mzunguko wa kwanza, asipige kwanza kwa kujaribu. Kama ni sauti ya baba yenu, huenda ikawa na pigo moja tu lililobaki ndani yake. Na pigo hilo liende kwenye mashine inayorekodi.

SWALI

Baba aliniachia gramafoni ya pembe kubwa ya shaba inayong'aa, juu ya sanduku la mbao lenye pande nane, na bamba la mbwa. Aliinunua alipostaafu, akaambiwa ni ya mwaka 1905. Ni kweli?

JIBU

Sidhani. Pembe ya shaba inayometa, sanduku la pande nane na bamba jipya la mbwa vikikutana pamoja, karibu kila mara ni mashine iliyoundwa miaka ya karibuni kwa ajili ya mapambo. Ukaguzi wa haraka: mkono wa sauti ukipinda kwa kona kali kama bomba la maji, badala ya mpindo mpana, basi umepata jibu.

Yule mbwa, nembo ya gramafoni za His Master's Voice, si cheti cha kuzaliwa. Alichorwa na Francis Barraud, na picha ya kwanza ilimwonyesha akisikiliza mashine inayopiga mitungi ya nta badala ya santuri. Mwaka 1899 mchoraji akaifuta mashine hiyo na kuchora gramafoni ya santuri juu yake, na tangu hapo nembo hiyo imebandikwa kila mahali, na kila mtu.

Lakini usiitupe ya baba. Fungua chini uitazame mota. Waundaji wa mashine hizi mara nyingi hutumia mota halisi waliyoichomoa kwenye gramafoni ya sanduku, na hiyo ni mali. Isafishe kama nilivyomwelekeza mjukuu hapo juu. Santuri nzuri tu ndizo usiziweke humo: mkono wenye kona hauufuati mfereji sawasawa, unausugua upande mmoja. Tumia zile ambazo huzionei uchungu.